Lipu ya Elieza

Kibanda cha mkaa hakipigwi lipu.

Ndivyo alivyosema shangazi yenu leo, pale wazee wa bwana harusi walipotaka Namsifu aiache cherehani yake akishaolewa, atulie ndani atunzwe. Nyinyi mkacheka, mkaniuliza mkaa na mahari vina undugu gani. Sogeeni niwaeleze. Msemo huu haukutoka mbali. Ulizaliwa huku huku tambarare, chini ya milima ya Upare, na ulizaliwa msibani.

Palikuwa na mkulima aliyeitwa Mrindoko, na mkewe Nakijwa. Walilima nyanya kwenye shamba dogo lililonyweshwa kwa zamu kutoka ndiva, lile bwawa la wazee linalokusanya maji ya mlimani. Nyanya zilistawi, lakini jua la huku mnalijua. Ukizichuma leo na gari lisipofika, keshokutwa unamwagia ng'ombe.

Jokofu lilikuwa ndoto, hata umeme wenyewe haukuwepo. Basi wakajenga kibanda. Walisimamisha nguzo, wakazungushia wavu wa kuku tabaka mbili zilizoachana kiasi cha kiganja, na kati ya tabaka hizo wakajaza vipande vya mkaa. Juu waliezeka nyasi nene. Pembeni waliinua pipa la maji lenye mpira mwembamba uliotobolewa, ukazungushwa juu ya kuta ili maji yadondoke polepole na kuulowesha mkaa mchana kutwa.

Kibanda kilikuwa cheusi, kina matundu kila mahali, kinavuja masizi. Majirani walicheka.

"Mrindoko, hizo nyanya unazihifadhi au unazichoma?"

"Ingia uone," alijibu.

Waliingia, wakatoka wamejikunyata. Ndani kulikuwa na ubaridi kama wa alfajiri kule mlimani, na nyanya zilikaa wiki baada ya wiki bila kulegea. Lakini kicheko hakikwisha, maana macho yalikuwa yameshazoea kucheka.

Kisha Mrindoko akaugua, akafa, nyanya zikiwa ndiyo kwanza zinageuka rangi.

Ukoo ulikutana. Mkubwa wao, Mzee Msuya, alikuwa mtu wa haki kwa kadiri alivyoiona haki. Alisema Nakijwa apewe mavuno hayo kama kipimo. Shule ya bweni ilikuwa imeahidi kununua nyanya siku itakapofunguliwa, mara tu baada ya matanga. Zikifika salama, shamba litabaki mkononi mwake. Zikiharibika, litashikwa na Elieza, mdogo wa marehemu.

Wanawake wa ukoo walizichuma, wakazipanga ndani ya kibanda kwenye matenga. Nakijwa mwenyewe hakuweza kwenda. Kwa desturi yao, mjane hakutoka nje ya ua mpaka matanga yaanuliwe. Alimwomba Elieza mambo mawili tu: ajaze pipa kila asubuhi, na asifungue mlango ovyo, ubaridi usitoke.

Elieza aliyatimiza yote mawili. Alikuwa fundi mwashi, na alimpenda kaka yake sana. Lakini kila alipofika na ndoo alikiona kile kibanda cheusi, akakumbuka vicheko. Akawaza kwamba watu wa mbali watakuja kuanua matanga na kukuta kazi ya kaka yake iko wazi namna ile, kama jengo lisilo na mwenyewe. Kulikuwa na saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa kaburi. Aliikoroga, akashika mwiko, akapiga lipu kibanda chote kwa nje, kisha akakipaka chokaa. Kilipendeza kweli. Wageni walikisifu.

Matanga yalipoanuliwa, jambo la kwanza Nakijwa alilofanya ni kwenda kibandani. Alisimama mbele ya ukuta mweupe. Akafungua mlango. Joto likampiga usoni pamoja na harufu ya uchachu.

Elieza alikuwa nyuma yake. "Kimependeza, shemeji? Walimcheka mno marehemu. Nikasema nikisitiri."

Nakijwa akasogea pembeni ili naye aone. Nyanya zilikuwa zimepasuka, maji yake yanachuruzika chini ya matenga.

"Lakini maji nimejaza kila siku!" alisema Elieza. "Sikukosa, haki ya Mungu."

"Najua hukukosa. Ila maji peke yake hayana baridi, shemeji. Upepo ndio unaopita kwenye mkaa uliolowa, unayanywa yale maji, na ukiyanywa ndipo unaacha ubaridi. Yale matundu kaka yako aliyaacha kwa makusudi."

Elieza akaketi chini, vumbini. "Na saruji yenyewe ni ya kaburi lake," alisema. "Nimemzika mara ya pili."

Mchana ule ule ukoo ulikaa. Nakijwa alipoulizwa, alijibu kwamba nyanya zimeharibika. Hakumtaja mtu.

"Hatumlaumu," alisema Mzee Msuya. "Amefiwa, mzigo umemzidi. Shamba lishikwe na Elieza, na mjane asitiriwe."

"Afadhali apumzike, masikini," wengine waliitikia.

Elieza akasimama. Binamu yake akamvuta shati. "Kaa, fundi! Bahati imekuangukia, unasimama ya nini?"

Hakukaa. "Wazee wangu, nyanya hazikuozea mikononi mwa shemeji. Yeye alikuwa ndani akiomboleza, kama mlivyomwagiza. Nimeziozesha mimi kwa mwiko wangu. Niliona matundu, nikadhani ni aibu, nikayasitiri. Kumbe kibanda kilikuwa kinapumua kwa matundu hayo hayo. Na neno hilo la kusitiri mnalolisema sasa juu ya shemeji, ndilo nililolisema mimi nikikoroga saruji."

"Kwa hiyo unalikataa shamba?" Mzee Msuya aliuliza.

"Akiniita kulima, nitalima. Kumfunika, sitamfunika. Kibanda cha mkaa hakipigwi lipu."

Mzee Msuya aliinamisha kichwa muda mrefu, hata watu wakadhani amesinzia. Kisha akamtazama Nakijwa, labda kwa mara ya kwanza tangu kikao kianze.

"Basi lipu ibanduliwe," alisema.

Hakuna aliyeuliza ni lipu ipi. Elieza alichukua nyundo akaenda kuibandua ile ya ukutani, taratibu, asiuumize mkaa. Mchumo ule ulikwisha kupotea, na shule ilinunua kwingine. Lakini mchumo uliofuata Nakijwa aliupanga mwenyewe kibandani na kuupeleka mwenyewe, kutoka shamba lake mwenyewe.

Ndiyo maana mkimwona mtu anaishi kwa kazi yake, hata kama kazi hiyo ina masizi, na watu wanataka kumfunika kwa kumpenda, waambieni mapema, kabla saruji haijakauka: kibanda cha mkaa hakipigwi lipu.