Hodi ya Mize binti Songoro kwa Jini wa Ziwa

Alikuwako sultani, jina lake Muhadhari bin Faraji, na mji wake ukiitwa Sharafa, mji wa minara saba na milango ya shaba, na mamlaka yake yalianzia milimani yakaishia kwenye Ziwa Kimya. Na kando ya ziwa hilo hapakuwa na hata kibanda cha kuku. Msiniulize kwa nini, tulieni, nitawaambia. Mara saba Sultani alipeleka watu kujenga kijiji pale, na mara saba, kabla mwezi haujaandama, maji yalipanda yakazoa nguzo na mapaa na vyungu, na watu wakarudi mjini wamelowa chepechepe, wanatetemeka, wanasema kuna jini.

Sasa mwaka mmoja ukame uliwafukuza wafinyanzi wa mlimani, watu wa nyumba arobaini, wakaja Sharafa na watoto mgongoni kuomba mahali pa kukaa. Aliyewasemea alikuwa mjane mmoja, Mize binti Songoro, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake. Sultani akamwambia, "Ewe binti Songoro, nimewapa ufuo wa Ziwa Kimya. Mwezi ukiandama na kijiji kimesimama, ufuo ni wenu, ninyi na vizazi vyenu. Kikizolewa, nitawagawa katika mashamba ya mawaziri wangu, huyu huku na yule kule, maana siwezi kulisha watu wasio na kwao."

Mize akainama, akasema, "Umenena, bwana wangu, nasi tumesikia," lakini moyo ulimwenda mbio, kwa sababu alijua maana ya kugawanywa: mama huku, mwana kule, na wasionane tena.

Walipofika ufuoni zilikuwa zimebaki siku tatu mwezi uandame. Shamte, fundi wao wa kujenga, mjane kama Mize, akashika mtaimbo akaanza kuchimba shimo la nguzo, na Mize akamdaka mkono.

"We Shamte! Unachimba kwa nani hapo?"

"Kwa nani? Kwani pana mtu? Huoni pori tupu hili?"

"Umejuaje kama hapana mtu? Ulipiga hodi?"

Shamte akacheka mpaka akaketi chini. "Loo! Bibi wee, jua limekuingia kichwani. Hodi kwenye maji!"

Mize hakumjali. Akavua viatu, akajitanda vizuri, akasimama pale maji yanapogusa mchanga, akaita kwa adabu, "Hodi! Hodi wenyewe! Hodi!" Na mara ya tatu maji yakachemka yakagawanyika, na akatoka jini, kichwa chake mawinguni na ndevu zake magugu ya ziwani, na wafinyanzi wote wakaanguka kifudifudi, Shamte wa kwanza. Jini alikuwa akilia.

"Miaka elfu nimekaa hapa," akasema, "na watu wanakuja kunisimikia nguzo sebuleni na kunimwagia majivu mlangoni, na hakuna hata mmoja aliyesema hodi. Karibu, binti Adamu. Karibuni nyote."

Basi wakawa wageni wake, na jini akawakirimu kwa samaki wanono na maji matamu, na akawatolea udongo wa kufinyangia, laini kama unga, wenye chembe za dhahabu. Wakajenga nyumba arobaini kwa siku tatu, na msinibishie, mtu akiogopa kutenganishwa na mwanawe hujenga haraka. Lakini siku ya tatu, alasiri, jini akamwambia Mize, "Mmekuwa wageni wema, binti Songoro, na ugeni ni siku tatu. Waambie watu wako mwondoke, maana jua likitua narudisha maji mahali pake."

Mwezi ulikuwa uandame magharibi ileile, na hapakuwa na pa kwenda. Hata hivyo Mize hakutaka kuondoka kwa mwenyeji wake bila shukrani, akaingia nyumbani mwake, akateleka chungu motoni, akapika samaki kwa karanga huku machozi yanamtoka.

Harufu ikamfikia jini. Akajipunguza mpaka kimo cha mtu, akaja moja kwa moja, akapita mlangoni, akajivutia kigoda. Mize akageuka na mwiko mkononi, na kwa hasira akasahau kuogopa.

"Ala! Unaingia tu? Nyumba ya mwanamke mjane, hata hodi hupigi? Toka nje!"

Jini, aliyelilia adabu miaka elfu, aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Akatoka kinyumenyume, akasimama kizingitini, akasema taratibu, "Hodi."

Mize akafungua kinywa aseme karibu, akasita.

"Hodi ya nani?"

"Ya jini, mwenye ziwa."

"Na unampigia nani hodi?"

"Nampigia mwenye nyum..." Jini akacheka, kicheko kilichorusha mawimbi saba ng'ambo ya ziwa. "Umenipata! Wallahi umenipata! Mgeni hapigiwi hodi, hodi hupigiwa mwenyeji. Nimeitamka kwa ulimi wangu mwenyewe, na neno langu silimezi. Hapa ni kwenu."

"Karibu, jirani," akasema Mize, analia na kucheka. "Chakula tayari."

Jua likatua, maji yakatulia, na mwezi ukaandama juu ya nyumba arobaini zilizosimama wima.

Asubuhi Sultani akaja na farasi na ngoma na mawaziri, kila waziri amekwisha chagua watu wake, na jini akasimama njiani. "Bwana mkubwa, kwa watu hakuingiwi hivyo." Na Sultani Muhadhari, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kupiga hodi kwa kuwa kila mlango ulikuwa wake, akashuka farasi, akakohoa, akasema kwa sauti ndogo, "Hodi."

Nyumba arobaini zikajibu kwa pamoja, "Karibu!" na vigelegele vikapaa mpaka mlimani walikotoka, na Sultani akapiga muhuri wake kwenye hati ya ufuo palepale, mawaziri wakitazama pembeni.

Vyungu vya kijiji kile, vyenye chembe za dhahabu, vikasifika hadi miji ya mbali, na watu wakatajirika. Shamte naye akaenda kumposa Mize, akapiga hodi asubuhi, akapiga adhuhuri, na Mize akamwacha nje mpaka alasiri, alipe kile kicheko chake, ndipo akamkaribisha wakaoana. Na watu wa pale, hata wakienda kuteka maji, hupiga hodi kwanza wasikilize.

Hayo ndiyo yaliyomo: adabu ya neno moja iliwapa kwao watu ambao Sultani aliwaona hawana kwao. Nami nimemaliza, na ninyi mlioingia kunisikiliza bila hodi, leo nimewasamehe.