Kiti Kimoja cha Lori la Maji

Hapo zamani, na si zamani sana maana vifaru vya vita vilikuwepo, kituo kimoja cha mpakani jangwani kililindwa na askari kumi na mmoja, pamoja na Talaso mpishi, mama yake Darmi, ambaye hakuna aliyemhesabu mpaka saa ya kula.

Asubuhi moja vikatokea vifaru ishirini. Kapteni akaamuru moto uzimwe, adui asione moshi. Talaso akaona huo ni ujinga: adui alishajua kituo kilipo, asichojua ni idadi yao. Akaenda nyuma ya kilima na samadi kavu ya ngamia, akakoka mioto thelathini. Adui akadhani jeshi zima linachemsha chai.

Koplo Wario alikuwa na kombora moja. Akalenga kifaru cha katikati, chenye bendera. Akapiga cha mbele. Njia ikaziba.

Vilivyobaki vikakata kupitia uwanda wa chumvi, vikifuata mawe ya kuonyesha njia. Lakini wiki iliyotangulia Guyo, mchunga mbuzi, alikuwa amebeba nusu ya mawe hayo kwenda kujenga zizi. Yaliyosalia yalielekeza kwenye tope. Vifaru kumi na tisa vikazama hadi tumboni. Adui akatazama ule moshi, akainua mikono.

Makao makuu yakatoa zawadi: mtu mmoja aende mjini mwezi mzima, kwa lori la maji. Lori lina kiti kimoja tu cha abiria.

“Bila kombora langu wangefika jikoni kwako, Mama Darmi,” alisema Wario. “Na miaka miwili sijamwona mwanangu.”

“Ulilenga kwingine,” alisema Talaso.

“Nililenga kifaru, nikapiga kifaru.”

“Bila mawe yangu mngekuwa mateka,” alisema Guyo. “Na jino linaniua.”

“Mawe yako? Uliyaiba, mzee,” alisema Wario.

“Basi mshukuru mwizi, kijana.”

“Bila moshi wangu wangeshuka wakaja kwa miguu,” alisema Talaso. “Binti yangu Darmi anajifungua wiki hii huko mjini, mimba ya kwanza. Mimi sibishani.”

“Nilisema moto uzimwe,” alisema kapteni.

“Ndiyo, afande. Na chai ulikunywa.”

Dereva akapiga honi. Talaso akaweka kitini furushi la nguo za mtoto. Wario akaweka begi lake juu ya furushi. Guyo, shavu limevimba, akakalia vyote viwili.

Haya, nyinyi mliokaa pazuri na mmeshiba, injini inanguruma: nani alistahili kile kiti?