Nyumba Iliyokataa Hodi

Tegeni masikio, wanangu. Asiye nayo aazime ya jirani.

Alikuwapo Shekiondo, mzururaji mwenye kitambi kama changu na miguu isiyotulia kama yangu. Alizunguka nchi za watu mpaka akaota mvi, ndipo akarudi kwenye nyumba ya marehemu mama yake, kando ya korongo.

"Hodi!" akaita kwa adabu. Nyumba ikaota miguu, ikajongea nyuma, upande wa korongo.

"Hodi!" Ikajongea tena, paa likilia.

"Hodi jamani!" Ukuta wa nyuma ukaning'inia hewani.

Jirani, Bi Sikudhani, akaacha kupepeta mchele, akacheka. "We Shekiondo! Umelala kwa watu mpaka umekuwa mgeni kwenu? Tangu lini mtoto hupiga hodi kwa mama yake? Sema lingine, nyumba inatumbukia!"

Shekiondo akawaza. Zamani akitoka kucheza aliita nini? Akakumbuka, akapaza sauti:

"Mamaa! Njaa inaniuma!"

Nyumba ikaja mbio, ikafungua mlango mbele ya pua yake. Harufu ya maharage ikamvaa, na sauti aliyoizika miaka mingi ikafoka:

"Nawa mikono kwanza!"

Ngano yangu imeingia jikoni. Nipisheni, nami nikanawe.