Mfupa Usiokuwepo

"Mbwa aliyebadili sauti, usimtie mkono kinywani." Ndivyo jirani yetu Mama Nakijwa alivyowakemea jana mlipomshikashika mbwa wake aliyeanza kukoroma badala ya kubweka. Mkacheka, kisha mkaniuliza msemo huo umetoka wapi. Umetoka humu nyumbani, wajukuu zangu. Methali hii ilianza hivi.

Kaka yangu Kiure, babu yenu, alikuwa na mbwa wa kufukuzia tumbili kwenye mahindi. Hapa kwetu milimani mtu humpa mbwa jina la kuwapigia majirani mafumbo, naye akamwita Watachoka. Alipobweka, bonde zima lilimjua.

Jumatatu moja, baada ya harusi ya binamu yetu, sauti ya Watachoka iligeuka. Alianza kubweka vizuri, kisha mwishoni ikavutika, nyembamba, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Ilikuwa mchana kweupe. Tumbili waliingia shambani wakala, yeye akiwatazama tu. Halafu akaanza kudaka nzi hewani. Nilisogea nione. Hapakuwa na nzi hata mmoja.

Jumatano taya lilimning'inia, mate yakidondoka kama uzi. Nilimwekea maji. Alitumbukiza pua, asimeze.

"Ni mfupa," Kiure alisema. "Wa mbuzi wa harusi huo, umemkwama. Mshike kichwa."

"Simshiki, kaka. Ananitazama kama hanijui."

"Wewe nawe, Namsifu! Mtu akipiga chafya unaona mzimu."

Mzee Mbonea alikuwa akipita na jembe lake. "Kiure, vipi? Watachoka kachoka yeye?"

Kiure akacheka, akachuchumaa, akamtia mkono kinywani hadi kifundo. Akapapasa muda mrefu.

"Hamna kitu," alisema.

Mkono ulitoka umelowa, jino limemkwaruza kidoleni. Akajifuta kwa jani la mgomba. Hakunawa kwa sabuni, hakwenda zahanati. Nani kwetu angekwenda zahanati kwa mkwaruzo? Ijumaa tulimzika mbwa nyuma ya ghala.

Miezi miwili ikapita, mahindi yakakauka. Kiure akaanza kulalamika kwamba kidole kinamwasha, nacho kilikwisha kupona zamani. Siku iliyofuata nilimpelekea maji shambani. Alipoyaona tu, koo lilimkaza, akarudi nyuma, kata ya maji ikaanguka.

"Yaondoe."

Sauti haikuwa yake. Ilivutika mwishoni, nyembamba. Nikajua nimeisikia wapi.

Hospitalini daktari aliuliza jambo moja tu: kama tulikuwa na mbwa aliyeugua. Nilipomweleza, aliinamisha kichwa. Sindano ya kichaa cha mbwa, alisema, ilitakiwa siku ile ile ya mkwaruzo.

Mchana wa tatu Kiure aliniashiria nisogee, nisimguse.

"Wewe uliona," alisema. Kila neno alilivuta kwa shida. "Mimi nilisikia sauti imebadilika, nikatafuta mfupa. Waambie watoto, Namsifu. Mbwa aliyebadili sauti…"

Hakumaliza. Nilimalizia mimi, kaburini, mbele ya watu, na Mzee Mbonea akaupeleka msemo huo hadi bonde la pili.

Ninyi mnamjua babu yenu kwa picha ile ukutani. Mimi namkumbuka amechuchumaa juani, anacheka, mkono umezama, anatafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Mbwa aliyebadili sauti, usimtie mkono kinywani.