Taa Iliyowaka Kwenye Mteremko wa Itamba

Hapo zamani, si zile za wafalme bali hizi za juzijuzi, magari ya gia otomatiki yalipoanza kupanda mlima Itamba, palikuwa na mjane aliyeitwa Tusekile. Mumewe, Mwaijande, alifia kwenye mteremko wa mlima huo. Taa ya joto la giaboksi ilimwakia, naye hakusimama. Mafuta yakaungua, gia zikaacha kushika, gari likajishukia lenyewe mpaka kwenye kona, likatumbukia bondeni.

Tusekile akanunua gari jingine, akamweka Gwamaka kuwa dereva. Kila Alhamisi gari liliwashusha wagonjwa kwenda hospitali ya mjini.

Gari lile lilikuwa na jambo. Likipanda, limelemewa, injini inalia, taa haiwaki. Likishuka, mafuta yamepoa, likifika kwenye kona ile, taa inawaka. Gwamaka anasimama. Dakika kumi, taa inazima, anaondoka. Alhamisi nyingine, kona ileile, taa inawaka. Anasimama. Dakika kumi, inazima. Abiria wakaanza kunong'onezana, kwa sababu katika dakika hizo kumi, gari lao likiwa limezimwa, walisikia injini nyingine ikinguruma chini bondeni, mahali pasipo na barabara.

Gari likapelekwa kwa fundi Lwitiko. Akachomoa kijiti cha kupimia, akanusa mafuta: mekundu, safi, hayana harufu ya kuungua. Akafuata nyaya moja moja, hakuna uliochubuka. Akatoa sensa, kile kifaa kidogo kinachopima joto la mafuta, akafunga mpya. Kisha akafuatana na Gwamaka mpaka kwenye kona. Taa ikawaka. Lwitiko akaingia uvunguni, akaishika giaboksi kwa kiganja. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Tusekile alipopata habari, alimwagiza fundi aukate waya wa taa ile. "Taa hiyo ilishaniambia yote iliyokuwa nayo siku aliyokufa mume wangu," alisema. Fundi akaitikia. Lakini mkono wake ulikataa kukata, akamdanganya mama kwamba amekata. Naye mama akamwagiza Gwamaka asisimame tena pale konani, kwa lolote lile.

Ikaja Alhamisi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na saa nne asubuhi ukungu ulikuwa bado umefunika mlima. Garini walikuwamo watu wanane, mmoja wao Subilaga, aliyempakata mwanawe wa miezi mitatu, anayehema kwa shida. Kwenye kona, taa ikawaka. Gwamaka alilikumbuka agizo la mama. Akakanyaga breki, akazima gari.

"Kaka, mwanangu anaishiwa pumzi," Subilaga akamwambia. "Twende."

"Dakika kumi tu, dada."

"Hana dakika kumi."

Akashuka, akamfunga mtoto kifuani, akaingia kwenye ukungu kwa miguu. Mbele akasikia injini ikinguruma taratibu, kama gari linalomngoja mtu. Akalifuata aombe lifti. Akapiga hatua, sauti ikakaribia. Akapiga hatua, sauti ikakaribia. Kisha ikangurumia chini ya nyayo zake. Akasimama. Vidole vya mguu mmoja vilikuwa hewani. Barabara yote ilikuwa imeporomoka bondeni.

Nyuma yake taa ilikuwa imeshazima, na Gwamaka alikuwa ameshawasha gari na kutia gia. Subilaga akarudi mbio, akasimama mbele ya gari na mikono juu.

Wakapita msituni kwa miguu, wakipokezana mtoto mpaka hospitali. Akapona.

Tusekile akatoa mtamba wa ng'ombe, apewe aliyewaokoa watu wale. Lwitiko akasema, kama angeukata waya, taa isingewaka. Gwamaka akasema, taa iliwaka tu, aliyekanyaga breki na kumwasi mwajiri wake ni yeye. Subilaga akasema, dereva alikwisha kutia gia, na bila yeye wote wangekuwa bondeni.

Hapo Tusekile akazungumza. "Sauti ya injini ile naijua. Miaka kumi na mmoja nilikesha nikiisikiliza ikirudi nyumbani. Mtamba achinjwe kwa ajili ya mume wangu, maana ndiye aliyewazuia."

Subilaga akatikisa kichwa.

"Mama, nisamehe," akasema. "Sauti ile haikuniambia simama. Ilikuwa ikiniita."

Na tangu siku ile, taa haijawaka tena.

Basi ninyi mnaonisikiliza, mtamba angali amefungwa uani kwa Tusekile. Fundi aliyedanganya, dereva aliyeasi, mama aliyeshuka, au yule aliye bondeni? Je, nani alistahili?