Mkamwana Aliyekubali Kusemwa

Jambo hili nililisikia kwanza kwa Mama Twilumba, siku tulipokuwa tukipukuchua mahindi. Sauti yangu ni ndogo, kwa hiyo walio nyuma nawaomba msogee.

Palikuwa na mkamwana mmoja katika nchi ya baridi, kule ambako ukungu hauondoki mpaka jua lipande vizuri. Aliishi na mama mkwe wake, na alimpenda kweli. Mama huyo aliposhikwa na maumivu ya magoti, mkamwana akamwambia, "Mama, wewe sasa kaa. Kazi umeshafanya ya kutosha." Maji akamtekea. Chakula akamletea pale pale alipo. Jua likihama, akamsogeza na kiti chake. Majirani wakamsifu mpaka wakawasuta wakamwana wao: "Mnamwona mwenzenu? Mama mkwe wake hata kijiko hajui kinakowekwa!"

Sifa ni tamu, ndugu zangu. Nani asiyependa kusifiwa?

Lakini magoti yalizidi. Asubuhi yalikuwa magumu kama kuni mbichi. Na mama huyo alikuwa na furaha moja aliyoipenda kuliko zote: kila sikukuu ya mavuno, kupeleka kapu lake madhabahuni mwenyewe, kwa miguu yake. Mwaka ule alibaki nyumbani. Mkamwana aliporudi kanisani alimkuta ameelekea ukutani, analia.

"Nimekuwa jembe la darini, mwanangu," alisema. "Hamnitupi, lakini hamnitumii."

Basi mkamwana akampeleka zahanati. Tabibu akayapapasa yale magoti, akayakunja, akayakunjua, kisha akamgeukia mkamwana.

"Nani anamtekea maji?"

"Mimi."

"Nani anamfulia?"

"Mimi, daktari," akajibu, na kifua kimemjaa kidogo.

"Chakula anafuata jikoni?"

"Aa, mama yangu aende jikoni na mimi nipo?"

"Basi mama huyu anatembea saa ngapi?"

Tabibu akawaeleza pole pole. Baridi huweza kuyafanya maumivu yasikike zaidi, lakini si baridi iliyomfunga mama huyu. Goti hubebwa na misuli ya paja. Mtu asipotembea, misuli hunyauka, na goti linabaki na mzigo peke yake. Akampa dawa ya maumivu, akasema akandwe kwa maji ya uvuguvugu asubuhi, kisha atembee, leo kidogo, kesho zaidi kidogo. "Goti likivimba na kuwa la moto, apumzike, mumlete nimwone. Lakini kama limekakamaa tu, msimketishe."

Sasa sikilizeni palipokuwa pagumu. Kumeza dawa ni rahisi. Lakini kumwona mama mkwe anakwenda bombani na kindoo chake, nawe mkamwana unamfuata mikono mitupu, mbele za watu! Alikuwa hatua chache tu nyuma yake, tayari kumdaka. Hilo watu hawakuliona.

"Jamani, ameshamchoka!" wakasema bombani.

"Mtaona, kesho atamtuma kuni."

"Kumbe upendo ule ulikuwa wa kutafutia zawadi ya kitenge!"

Maneno yakasafiri hadi kwa wifi yake, aliyeolewa kijiji cha pili. Wifi akatuma ujumbe: "Kama mama amekushinda, sema. Siku ya mavuno nakuja kumchukua. Mama yetu si kijakazi wako."

Jioni ile mkamwana alilia jikoni, moshi ukamsaidia kuficha machozi. Alijua akimrudisha mama kwenye kiti, jina lake zuri litarudi mara moja. Ninyi mngefanyaje? Yeye alifuta macho, akaita: "Mama, njoo tuchambue maharage. Yako huku jikoni." Na mama akaja, ameshika ukuta.

Siku ya mavuno ya mwaka uliofuata wifi akafika na pikipiki ya kumbebea mama. Akakuta mlango umefungwa. "Ameshamficha!" Akapanda kilima kwenda kanisani, hasira zikimtangulia. Alipofika mlangoni, watu walikuwa wamesimama. Katikati ya kanisa mama yake alikuwa anatembea. Pole pole, mguu mmoja ukivuta kidogo, lakini kikapu cha viazi ki mkononi mwake, na hakuna aliyemshika. Mkamwana alikuwa nyuma, safari hii analia waziwazi.

Wifi akamkimbilia. "Mama! Umepewa dawa gani?"

"Dawa ya zahanati nimekunywa, maji nimekandwa," mama akajibu kwa sauti, ili wote wa bombani wasikie. "Lakini ninyi nyote mlitaka kunifunika shuka. Aliyenisimamisha ni huyu mmoja aliyekubali kusemwa."

Wa bombani wakatazama chini. Kisha mmoja wao akapiga kigelegele, kanisa zima likaitikia mpaka mabati yakavuma.

Ndugu zangu, na sisi? Tumewaketisha wangapi kwa jina la upendo? Mzee tunamwambia kaa, mgonjwa kaa, mjane kaa tutakuletea. Je, tunalinda viungo vyao, au tunalinda sifa zetu? Upendo unaotafuta sifa huleta kiti. Upendo wa kweli husema, "Inuka, niko nyuma yako, na wakinisema waache waniseme." Hata kanisa hili lina viungo, na kiungo kisichopewa kazi hukakamaa. Tukitoka hapa twende tukamtazame yule tuliyemketisha. Anaweza. Anangoja tu tumpishe.

Na yule mkamwana? Kesho yake asubuhi wifi, ambaye alilala pale, alimsikia mama akiguna chumbani, akaruka kwenda kumvalisha viatu. Mkamwana akamshika mkono, akamvuta wakaketi wote wawili kizingitini.

"Mwache, wifi," akasema. "Sikiliza."

Ndani, viatu vilianza kuburuta sakafuni, vikija mlangoni.