Hadithi Aliyosomewa Mama Mkwe

Isome hii taratibu ukiwa umetulia. Ukimaliza, mtumie yule rafiki yako ambaye kila mkikutana anakwambia angekuwa ameshaandika kitabu, tatizo ni muda tu.

Kule Tukuyu, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima na nguo hukaukia jikoni, aliishi fundi cherehani mmoja aitwaye Tusekile. Alikuwa akishona sare za shule barazani kwake. Mumewe, Ambakisye, alikuwa dereva wa lori la mizigo, leo yuko Tunduma, kesho kavuka mpaka. Walikuwa na watoto wa shule ya msingi, na katika ua huohuo waliishi na mama mzazi wa Ambakisye, Bi. Tupokigwe.

Tusekile alikuwa anaandika riwaya.

Watu wengi hawakujua. Alikuwa anaandika mchana, watoto wakiwa shule na wateja wakiwa wachache, akiandika kwa vidole kwenye simu, huku mguu mmoja bado uko kwenye pedali ya cherehani. Aliyejua vizuri ni mama mkwe wake, kwa sababu Bi. Tupokigwe alikuwa anajua kila kitu. Maisha yake yote alikuwa ameuza ndizi sokoni, na sauti yake ilikuwa ikifika upande wa pili wa soko kabla yeye mwenyewe hajafika. Akimkuta Tusekile ameinamia simu, aliwaambia majirani:

"Mke wa mwanangu anatunga uongo. Tena uongo mrefu, hauishi!"

Majirani walicheka. Tusekile naye alicheka, lakini ilimuuma kidogo.

Siku moja bahati ikamjia. Kulikuwa na nyumba huko Lushoto iliyokuwa ikiwapokea waandishi chipukizi. Unapewa chumba, unapikiwa, kazi yako ni kuandika tu mpaka umalize. Tusekile alikuwa ametuma sura zake za mwanzo bila kumwambia mtu. Wakamjibu: njoo.

Alilia kwa furaha. Alimwambia Ambakisye kwa simu, na Ambakisye akapiga honi ya lori hukohuko barabarani. Wakapanga kila kitu. Watoto wangelala kwa bibi yao. Sare zilizobaki angempa fundi mwenzake. Akanunua hata sweta, maana aliambiwa Lushoto nako kuna baridi, ingawa mtu wa Tukuyu hahitaji kufundishwa baridi.

Wiki ile ile ya kuondoka, Bi. Tupokigwe alianguka akiwa sokoni.

Kilikuwa kiharusi. Upande wa kulia wote ukapooza, mdomo ukaenda upande, na ile sauti iliyozoeleka soko zima ikapotea kabisa. Aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, alikuwa analazwa na kugeuzwa kama mtoto mchanga. Alikuwa anaona, anasikia, anaelewa. Neno lilikuwa halitoki.

Ambakisye alikuja mbio, akakaa siku chache, kisha kazi ikamwita. Kabla ya kuondoka alimwita mkewe nje.

"Tusekile, wewe nenda Lushoto. Nitatafuta dada wa kumhudumia Mama."

"Dada gani? Anayemjua Mama?"

"Atamjua tu."

Tusekile aligeuka akatazama dirishani. Bi. Tupokigwe alikuwa kitandani, macho wazi, anatazama dari. Chozi lilikuwa limeshuka sikioni na hakuna aliyelifuta.

"Siwezi," Tusekile alisema. "Nikienda nitakuwa naandika kule, lakini moyo uko huku. Bora nibaki mzima sehemu moja."

Akawaandikia watu wa Lushoto kwamba hataweza. Wakamjibu kwa upole kwamba nafasi itapewa mwingine.

Sasa, msije mkadhani huyu alikuwa malaika. Alienda nyuma ya jiko akalia mpaka kichwa kikauma. Alimkasirikia mumewe mwenye lori la kumpeleka mbali. Alimkasirikia Mungu. Alimkasirikia hata mgonjwa, kisha akajisikia vibaya kwa kumkasirikia mtu asiyeweza hata kujitetea. Halafu akanawa uso, akaingia ndani, akamlisha mama mkwe uji wa ulezi.

Na ule muda wake wa mchana ukaisha. Kulikuwa na kuogesha, kulisha, kufua mashuka, kumnyoosha mgonjwa mkono na mguu kama walivyoelekezwa hospitali. Kulikuwa na sare, maana sasa pesa ya dawa nayo ilihitajika. Kulikuwa na watoto. Akajaribu kuamka alfajiri ili aandike, akakutwa na mwanawe amelala, paji la uso liko juu ya cherehani.

Siku waliyorudi hospitali, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mcheshi, alimuuliza:

"Unaongea naye?"

"Namsalimia. Namuuliza kama anaumwa. Lakini hajibu."

"Usingoje ajibu. Ongea naye. Usimkalie kimya. Anasikia vizuri kuliko mimi na wewe."

Tusekile alianza kuongea. Siku ya kwanza alimpa habari za soko: nani kauza nini, nani kagombana na nani. Siku ya pili akampa habari za kanisani. Siku zilizofuata habari zikamwishia. Mtu ambaye hatoki nyumbani ana habari gani?

Ndipo, akiwa anamnyoosha vidole vya mkono uliopooza, alipofungua simu kwa mkono mwingine na kusema kwa aibu:

"Mama, leo sina habari. Ngoja nikusomee ule uongo wangu."

Akamsomea sura ya kwanza. Ilikuwa habari ya mwanamke aitwaye Bupe, aliyeondoka kwao akiwa binti kwenda kutafuta maisha, akimwacha mchumba nyuma. Miaka ikapita bila salamu. Bupe anaporudi, anasikia njiani kwamba mchumba wake amemwoa dada yake wa tumbo moja, na kwamba wanaishi katika nyumba ya baba yao.

Alipofika katikati, Tusekile aliinua macho. Bi. Tupokigwe alikuwa amefumba yake. Kalala, Tusekile alifikiri. Lakini alipofika mahali Bupe anaposikia ile habari, macho yakafunguka. Yalikuwa makali, kama zamani sokoni alipokuwa akimtazama mtu anayetaka kumpunja.

Kesho yake Tusekile alirudia ile sehemu ya katikati, akiwa ameifupisha. Macho hayakufumba.

Tangu hapo akawa na namna mpya ya kuandika. Kazi ya kumnyoosha mgonjwa ilichukua muda mrefu, na mikono haikuwa na nafasi ya simu. Kwa hiyo alibonyeza kitufe cha kurekodi, akaiweka simu juu ya stuli, akaanza kusimulia kwa mdomo huku mikono inafanya kazi. Aliigiza sauti ya Bupe, akaigiza sauti ya dada. Mahali alipopiga hotuba, Bi. Tupokigwe alifumba macho. Mahali palipokuwa pa kweli, mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulikamata kidole cha mkwe wake na kukibana. Baadaye, akingoja maharage yaive au akiwa amekaa na mteja anayejaribu sare, Tusekile aliandika alichokirekodi, akiacha yale ya macho kufumba na kubakiza yale ya kubanwa kidole.

Riwaya ikawa inasogea. Polepole, lakini inasogea.

Mpaka ikafika mlangoni.

Bupe alikuwa amefika kwenye nyumba ya baba yake. Ndani anasikia dada yake akiimba, akipika. Bupe ameshika kitasa. Sasa aingie, au ageuke arudi alikotoka? Tusekile hakujua. Akajaribu kumwingiza, ikawa ugomvi wa kawaida. Akajaribu kumrudisha, ikawa huzuni isiyo na kichwa wala miguu. Wiki zikapita, Bupe yuko palepale mlangoni, na Bi. Tupokigwe kila mchana anamtazama mkwe wake kama anayeuliza jambo.

Halafu ikaja siku mbaya. Mtoto mmoja aliamka anatapika. Bati la barazani likavuja juu ya vitambaa vya watu. Mteja akaja kudai sare zake, akazikuta hazijaisha, akatukana mbele ya majirani. Mchana Tusekile aliingia chumbani kwa mama mkwe akiwa hana nguvu hata ya kuvuta kiti. Kwa mazoea akabonyeza kurekodi, akaweka simu kwenye stuli, akashika ule mkono uliopooza. Akafungua mdomo asimulie, kikatoka kilio.

"Mama, basi," alisema. "Nimeshindwa. Mimi ni fundi wa sare, na hata hizo sare zinanishinda. Nilikuwa najidanganya. Hii hadithi naiacha leo. Sisimulii tena. Bupe atabaki hapohapo mlangoni."

Akaegemeza kichwa kwenye ukingo wa kitanda, analia.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Katikati ya ule mlio akasikia sauti nzito, iliyokwaruza, kama ya mtu anayesukuma kabati.

"Aa... a..."

Tusekile akainua kichwa. Bi. Tupokigwe alikuwa amekunja uso wote. Mishipa ya shingo imesimama. Jasho linamtoka.

"Mama? Unaumwa wapi?"

Mkono wa kushoto ukampiga begani, kwa hasira kabisa.

"Aa... ai... Aingie!"

Tusekile hakuelewa.

"Nani aingie, Mama? Mlangoni hakuna mtu."

"Bu... pe," alisema Bi. Tupokigwe. "Aingie."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu aanguke. Hakumwita mwanawe. Hakuomba maji. Aliomba mtu wa kwenye hadithi afunguliwe mlango.

Tusekile alipiga magoti akamkumbatia, wakalia wote wawili, na mtoto mgonjwa akaja kusimama mlangoni akidhani bibi amefariki.

Jioni, Ambakisye alikuwa ameegesha lori Makambako anakula alipopokea sauti iliyorekodiwa kutoka kwa mkewe. Akaisikiliza. Ilianza na kilio na maneno ya kukata tamaa, akadhani mkewe kamtumia kwa makosa, au anamlaumu. Akataka kuizima. Kisha akasikia mvua, kisha ule mkwaruzo, kisha sauti ya mama yake. Wenzake waliokuwa naye mezani wanasema aliacha chakula, akaenda kusimama nyuma ya lori, akaisikiliza tena na tena, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Maneno mengine yalirudi kidogo kidogo, mengi yakiwa yamepinda. Na kadiri yalivyorudi, ndivyo Tusekile alivyopata taabu mpya, maana mgonjwa alikuwa mkali kuliko mhariri yeyote.

"Huyo mume... mwongo mno. Mpunguze."

"Ndivyo alivyo, Mama."

"Basi awe mwongo... mwenye akili."

Bupe aliingia. Alichokikuta ndani sitawaambia, kitabu kipo, mkisome. Kilichukua muda mrefu kumalizika, na mchapishaji wa Dar es Salaam naye alichukua muda mrefu kujibu, lakini alijibu ndiyo. Kila ukurasa uliandikwa katikati ya uji, mashuka na vifungo vya sare.

Siku ya kukizindua, walikusanyika ukumbi wa kanisa. Bi. Tupokigwe aliingizwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amebebwa na mwanawe na jirani, kavaa kitenge kipya, akawekwa mstari wa mbele. Mwalimu mmoja wa sekondari akasimama akauliza:

"Dada Tusekile, mimi pia naandika, lakini sifiki popote. Wewe una watoto, una cherehani, una mgonjwa. Hebu tuambie kweli, muda uliupata wapi?"

Tusekile alifikiri kidogo.

"Muda sikuupata," alisema. "Mpaka leo sina. Nilichopata ni mtu anayengoja kujua kitakachotokea. Ukijua kuna mtu anangoja, utaandika hata ukiwa na sabuni mikononi."

Akataka kuendelea kueleza, habari za nidhamu, habari za kujituma. Lakini kutoka mstari wa mbele ikasikika ile sauti, imepinda na inakwaruza, lakini imefika mpaka ukuta wa nyuma:

"We mtoto! Acha... hotuba. Soma!"

Watu wakaangua kicheko na makofi. Tusekile akafunika mdomo kwa mkono, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akafungua kitabu na kuanza kusoma.

Funzo: Usingoje maisha yakupishe njia ndipo uanze kazi unayoipenda. Ifanye katikati ya watu wako na shughuli zako, kwa sababu huenda yule unayedhani amekunyang'anya muda ndiye anayengoja kwa hamu kubwa uimalize.